Kiungo Nilichokifunika kwa Gundi ya Muhogo

Nyumba ya Redio,
Kisiwa cha Motumahu,
Haapai, Tonga.

20 Agosti 1986

Mpendwa mpwa wangu Kalolaine,

Pokea salamu tele kutoka kwa mjomba wako Kelepi. U hali gani huko Auckland? Baridi imekupunguzia, au bado unalala na soksi? Watoto hawajambo? Mgongo wa mumeo umepoa? Na kule kiwandani, bado wanakusimamisha kutwa nzima kama nguzo? Mimi mwili ni mzima. Goti la kushoto hulia nikipanda mlingoti, lakini lilikuwa likilia hata ulipokuwa bado hapa, kwa hiyo halihesabiki. Viazi vikuu vimetoka vinono mwaka huu, kimoja nilikichimba nikakaa nacho chini tukatazamana, maana sikujua nimpe nani.

Hii ni barua ya tatu tangu msiba. Mbili za mwanzo hukuzijibu na sikulaumu. Zilikuwa barua za mwoga. Nilikuandikia habari za mvua, za mazishi, na za nani alileta mkeka upi, nikalizunguka lile lililo kifuani kama paka na uji wa moto. Leo nitalisema. Mficha uchi hazai.

Ila niache kwanza nikueleze hali ya nyumba. Jioni ndiyo mbaya. Unajua mjomba wako Semisi hakukosa hata siku moja kuja hapa nikifungua redio. Alikaa kizingitini, akanyoosha miguu mpaka mtu apite kwa kuruka, akaanza: "Kelepi, hiyo redio yako inakoroma kuliko wewe." Nami namjibu kwamba inakoroma kwa sababu inamsikia yeye. Maneno hayohayo kwa miaka tisa. Sasa nachemsha chai, najikuta nimemimina vikombe viwili, na mtu asiye na mke wala mtoto akishamimina kikombe cha pili hana pa kukipeleka. Nimekimwaga nje mara nyingi. Nina upweke, Kalolaine. Sikuwahi kuliandika neno hilo, naona limeandikika.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa kwanza upepo ulivunja tawi la mshelisheli nyuma ya nyumba, likauangukia waya wa antena na kuukata vipande viwili. Waya mzima mpya ni ghali na ungechelewa. Kwa hiyo Lopeti, yule fundi anayetupokea kwenye redio kule Pangai, akaniletea kwa boti kiungo cha kuziunga ncha mbili. Ni kitu kidogo tu, bomba la shaba lisilozidi urefu wa kidole, lina meno ya kukazia huku na huku. Waya ule una uzi wa shaba katikati, nyama nyeupe ya plastiki juu yake, kisha wavu wa shaba, kisha gamba jeusi. Unachonga ncha vizuri, unaingiza moja kushoto na nyingine kulia, unakaza mpaka nyuzi za katikati zikutane ndani. Unywele mmoja wa wavu ukiugusa uzi wa katikati, sauti haipiti. Maji yakiingia, sauti haipiti.

Lopeti alisisitiza hilo la maji. "Mzee Kelepi, ukishakaza, zungusha mkanda mweusi mara tatu. Chumvi ya huko kwenu inakula shaba kama mtoto na embe. Umenisikia? Mara tatu!" Na mkanda aliuleta pamoja na kiungo, mzima, haujafunguliwa.

Siku ileile Semisi akaja na mkuki wake wa samaki, mpini umepasuka. Akauona mkanda mezani. Akauchukua, akauzungusha kwenye mpini mpaka ukaisha, anapiga mluzi. Ningemwambia nini? Ni kaka yangu. Wewe umelelewa hapa, unajua mdogo hamnyang'anyi mkubwa kitu mkononi. Nilisema tu, "Kaka, huo ni wa redio." Akanijibu, "Redio haili samaki." Akaenda zake.

Ningemwambia Lopeti aniletee mwingine. Niliona haya. Nimweleze kwamba mkanda wa serikali uko baharini unafukuza pweza? Nikajitia ufundi. Nilikwenda kwa Melenaite, mke wa Semisi, alikuwa na wenzake wakigonga magome na kubandika nguo kubwa ya harusi ya mtoto wa mchungaji. Nikaomba kipande na kibakuli cha gundi yao ya muhogo. Wale wanawake walinicheka, si mchezo.

"Shemeji, redio inaolewa?"

"Inaolewa na Pangai," nikasema.

"Basi ipake mafuta kwanza, bibi harusi gani huyo mkavu!"

Nikakivika kiungo nguo ya magome, tabaka tano, na gundi katikati ya kila tabaka. Kilikauka kikawa kigumu kama ganda la nazi. Jioni nikamwita Lopeti, akanisikia safi. Akauliza kama nimezungusha mkanda. Nikajibu, "Mara tatu." Huo ndio uongo wangu, Kalolaine. Niliusema kwa raha, nikacheka na kujipiga kofi pajani.

Miezi minne kilifanya kazi. Nilifika mahali pa kuwaambia watu kwamba akili ya wazee wetu imeushinda mpira wa wazungu. Kisha mwezi wa sita ikaja ile mvua ya siku tisa. Jumamosi redio ilianza kukwaruza. Lopeti alikuwa anasikika kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilijua ni nini, nilijua kabisa. Lakini nilikuwa na jiko la ardhini la kuchimba kwa chakula cha Jumapili, na kesho yake si siku ya kazi. Nikasema nitapanda Jumatatu.

Jumapili baada ya kanisa Semisi alikula sana, akawacheka walioshindwa, akaenda kulala. Alipoamka alishika kifua. Alfajiri ya Jumatatu akatutoka.

Nilikimbilia redio kabla sijalia. Nikaita Pangai, nikaita kisiwa chote cha Lifuka, nikaita meli yoyote inayonisikia. Kimya. Nikapanda mlingoti katika mvua ile nikakikata kile kitambaa kwa kisu. Gundi ilikuwa imerudi kuwa uji. Ilinuka. Ndani ya kiungo shaba ilikuwa ya kijani, na nilipovuta kidogo, uzi wa katikati ukakatikia humo ndani kama mfupa wa samaki. Kiungo kingine sikuwa nacho. Bahari ilikuwa inapanda juu ya gati, hakuna aliyethubutu kushusha mtumbwi.

Kwa hiyo hukuambiwa.

Nimejipimia haya mara nyingi usiku na mchana. Pengine hata ungeambiwa ndege isingekuwahisha. Lakini Pangai wangetuma barafu ya kumhifadhi bahari ikitulia. Na kama usingefika, ungesema fulani akae penye kichwa cha marehemu badala yako, na huyo angekaa kwa neno lako. Wewe ndiye fahu. Wewe ndiye mtoto wa dada yetu marehemu Ungatea, na katika nyumba za wajomba zako hakuna kitu usichoweza kukitwaa wala neno usiloweza kulisema. Ulikuwa na miaka saba ulipochukua kofia yangu ya kanisani ukamvika nguruwe, na Semisi akanizuia nisikugombeze. Alisema, "Ni yake. Na nguruwe ni wake." Mahali pa kukaa penye kichwa cha Semisi palikuwa pako, si pa mtu mwingine.

Tulingoja siku mbili. Zaidi ya hapo haikuwezekana, unaelewa. Ndugu wa Melenaite walitaka kumweka binti wa mbali huko, yule wa Nomuka aliyekuja kwa harusi. Mimi mdogo wake, mkeka mchakavu wa msiba kiunoni, kazi yangu ilikuwa jikoni nje na wapishi, sikuwa na haki ya kusema. Nilisema. Nilisimama mlangoni nina majivu mpaka kwenye nyusi nikawaambia pale hapakaliwi na mtu. Basi Semisi akaenda kaburini na mkeka wa kukalia mtupu penye kichwa chake. Watu walilia kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya kifo, nami nililia kuliko wote kwa sababu nilijua ni nani aliyeuacha mtupu.

Boti ilikuja baada ya siku kumi na moja, ikapeleka habari Pangai. Lopeti akakupigia simu yeye, mtu baki, ukapata habari za mjomba wako kwa sauti ya fundi. Aliniambia hukulia. Aliniambia uliuliza swali moja tu: "Nani alikaa?" Akakujibu, "Hakuna." Ukakata simu.

Wenzangu wote wamemaliza matanga. Walikatana nywele wenyewe kwa wenyewe, mchungaji akasema si vibaya kwa kuwa fahu hayupo. Mimi sijakatwa. Mkono wa kunikata ni wako. Zimefika masikioni na mkeka bado uko kiunoni, watoto wa shule wakiniona wananiita bibi kizee, nami nawarushia maganda ya machungwa. Mchungaji alikuja kunishauri. Nilimpa kiti, nikampa bakuli la kava, akanywa akaenda zake.

Na redio? Lopeti alinifungia kiungo kipya kwa mkono wake na mikanda miwili. Tangu siku hiyo sauti inapita kama maji ya kisima. Kila jioni saa kumi na mbili naita. Lopeti hujibu, "Motumahu, nakusikia vizuri sana. Leo huna ujumbe, mzee." Anavyonisikia vizuri namna ile ndivyo ninavyoumia zaidi.

Kisiwa kizima kinasema mvua ndiyo iliyoua redio. Mchungaji aliitaja mvua hiyo katika sala. Melenaite anakusalimu sana, amekonda lakini anakula. Bado huwaambia wenzake wakati wa kubandika kwamba gundi yake ilibeba sauti ya kisiwa miezi minne. Anasema kwa fahari, maskini, na mimi nipo hapohapo nimeinama. Bibi Lupe naye anakusalimu, anauliza kama huko bado wanauza ile dawa ya miguu. Wasalimie Sitiveni na Ungatea mdogo, mwambie jina hilo alibebe polepole, lilikuwa la dada yangu.

Nimekuandikia haya wewe kwanza kwa sababu ndiwe niliyekukosea. Lakini kuandika hakutoshi. Nataka kuwaambia wote, na Melenaite akiwamo, kwamba haikuwa mvua, wala si gundi yake, bali ni mimi na uongo wangu. Nimejaribu mara tatu. Naanza, naona pale ungekaa wewe, ulimi unagoma. Siwezi kukiri mbele ya mkeka mtupu.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Jumatano ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa kumi na mbili jioni ya huku, mpigie Lopeti simu. Ameahidi kuiunganisha simu yako na redio yangu. Nimemwomba mchungaji awalete watu wote hapa nje, spika nitaiweka dirishani. Wanadhani umetaka kuwasalimu. Wewe usiseme lolote. Lopeti akiniambia upo, hiyo inanitosha kuanza, nami nitasema kila kitu kama nilivyokiandika hapa, na mkanda na mkuki na mara tatu.

Ninapoongea nakuwa nimebana kitufe, siwezi kukusikia, hata ukinitukana. Nikimaliza nitakiachia. Hapo nitangoja, na wao watangoja pamoja nami. Ukitaka kukata simu, kata, utakuwa na haki, nitabaki na nywele zangu. Lakini kama moyo utakuruhusu, Kalolaine, niite "mjomba". Mara moja tu.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akupe usingizi mwema katika baridi hiyo.

Mjomba wako akupendaye daima,

Kelepi