Firigisi ya Baba

Mama, kuku aliyebaki nimemfunika jikoni, paka asimguse. Ng'ombe nimemnywesha. Mvua ikianza, tafadhali toa nguo kwa kamba.

Baba, umeenda kwa shamba la miwa mara tu mgeni alipotoka, na najua sababu. Yule mwanaume alipopiga simu jana kwamba anakuja kuongea na mzee kuhusu mimi, Awinja, mlidhani ni mambo ya mahari. Mimi nilijua ni mtu wa mkopo wangu wa chuo. Niliacha kulipa nilipofutwa kazi, na kwa sababu wewe ndiye mdhamini, sasa wanakufuata wewe. Leo asubuhi nilimwona Mama akikimbiza jogoo, nikanyamaza. Hata miguu ya huyo jogoo nilishika mimi akichinjwa.

~~Ningewaambia, lakini Mama alikuwa anaimba~~

Hapana. Niliogopa tu.

Yule mgeni alipotaja deni, Baba, uliniangalia mimi, si yeye. Afadhali ungenigombeza.

Nimeenda kwa ofisi yao huko Amalemba, niwaombe wanidai mimi kwanza. Nimebeba kompyuta yangu, nitaiuza njiani nikirudi. Mama, usinipigie simu, nitalia mbele ya watu.

Na ile firigisi, ambayo kwa hii nyumba haiguswi na mtu mwingine ila Baba, na leo ukampa mgeni kwa mkono wako: hakuila. Aliona haya, akaisukuma kando ya sahani. Iko chini ya bakuli jekundu.

Ni yako, Baba. Kula.

Kifungua mimba wenu,
Awinja