Kofia ya Ami Nasr Isiyokwisha

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Wiki ya tatu bila ami Nasr. Ijumaa, baada ya Alasiri, ukoo unakutana kwenye sabla, ukumbi wetu, kumkumbuka, na wasifu wake nitausoma mimi. Kwa nini mimi? Sauti nene, akili haba — maneno ya ami mwenyewe hayo!

Mwanawe mkubwa, Talal, kaniletea karatasi tayari. Kiarabu kitupu, cha kupigwa pasi. "Mfanyabiashara mashuhuri." Mfanyabiashara! Ami kawa karani wa bandarini miaka thelathini, na kila jioni akishona kofia barazani. Unguja alikozaliwa haimo hata kwa bahati mbaya. Utadhani kashuka hapa Matrah, pwani ya Waarabu, na mvua.

Nikasema sawa. Mwoga mkubwa, mimi.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekwenda kwa mjane wake, Bi Rahila. Yumo edani, kwa hiyo nimemsomea karatasi nikiwa nje ya mlango, kama muuza maziwa. Akauliza kutoka ndani: "Na huyo maiti wenu, jina lake nani?"

Nikaikunja karatasi.

Akampa Conjesta, dada wa kazi, kopo la biskuti aniletee. Ndani mna kofia ya viua, vile vitundu vya kudarizi. Duara la juu limekwisha. Ukanda wa pembeni nusu umedariziwa, nusu kitambaa kitupu, na sindano imo bado.

"Yako hiyo. Kichwa chako kakipima kwa uzi mara mbili, mara mbili hakuamini ukubwa wake," kasema Bi Rahila.

Nimecheka. Halafu sikucheka.

Nilipofeli mtihani wa mwisho, nyumba nzima ilininunia. Ami akanipa sindano, akanikalisha ubavuni pake. Siku nne. Hakuniuliza kitu mpaka nikasema mwenyewe. Hilo nalo halimo kwenye karatasi.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimempigia Talal. Nikamwambia tutie Unguja, tutie kofia, mistari miwili tu. Kanijibu kwa Kiarabu, kama wiki nzima hii: watakuja wakubwa, tutachekwa. Na nivae kilemba, kofia ni ya kwendea sokoni.

Watucheke! Ami kachekwa lafudhi yake miaka hamsini, na waliomcheka wakapanga foleni kila Idi, vichwa mkononi, awashonee kofia.

Nimeandika wasifu mwingine, wangu. Kiswahili. Kurasa mbili. Kofia nimeiunga mwenyewe, duara na ukanda — mishono kama meno ya mzee.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimo garini, nje ya sabla. Vilemba vinaingia, vimenyooka! Kofia ninayo kichwani. Nilianza kuuficha nyuma ule upande mtupu. Nikaugeuza mbele. Waone ami alipofikia.

Simu iko hewani. Bi Rahila anasikiliza kutoka nyumbani. "Ushashuka?" Bado, Bi mkubwa.

Talal anakuja. Kagonga kioo. Kilemba kiko wapi? Nimekikalia. Karatasi yake? Nimeikalia pia.

Anaitazama kofia. Haondoki.

"Haijesha hiyo," kasema. Kwa Kiswahili.

Nafungua mlango, kurasa zangu mbili mkononi —