Radhi ya Kuandikiwa

Jumatatu, 9 Juni

Chai ya tangawizi, chapati, mafaili. Lifti bado mbovu. Nimepanda ngazi nikimsema mwenye jengo hadi mlangoni kwangu. Asubuhi nzima mkataba wa pango wa fremu mbili Mtaa wa Kongo. Kazi kavu lakini naipenda.

Mchana akaja Elibariki. Mshambuliaji, mteja wangu tangu mkataba wake wa kwanza, na mama yake tumesali naye kanisa moja Machame tukiwa wasichana. Juzi Jumamosi alitolewa uwanjani kipindi cha pili. Dokta Harish, daktari wa timu, ndiye aliyelionyesha benchi ishara kwamba goti la kijana limechoka. Elibariki akatoka, akamfuata, akamsukuma kwa mikono miwili. Mzee wa watu akaanguka chali mbele ya kamera. Miwani imevunjika, kifundo cha mkono kimeteguka. Video imezunguka nchi nzima. Hata muuza mihogo wa hapo chini ameniigizia, na sikumwomba.

Sasa mambo yako hivi. Dokta ameiandikia timu kwamba harudi. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Dokta asiporudi, mkataba wa Elibariki unavunjwa. Wamesema wazi, bila kona.

Nimempa masharti. Asimpigie Dokta. Asiende kwake. Asiongee na redio. Dokta akiamua kwenda mahakamani, kila neno la kijana litakuwa ushahidi. Akaniuliza kama anaweza walau kutuma ujumbe wa pole. Nikamwambia hapana.

Ameondoka mnyonge. Nimemhurumia, lakini huruma haimtetei mtu mbele ya hakimu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika taarifa kwa umma. Nzuri. Nasema mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema.

"Ninasikitishwa na tukio lililojitokeza, na ninaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika nalo." Hakuna "nilimsukuma". Hakuna jina la Dokta. Kuomba radhi bila kukiri ni ufundi, kama kula embe bila kulowa mikono. Wengi hawauwezi.

Elibariki aliisoma, akarudia, akaniuliza Dokta yuko mstari gani. Nikamjibu yumo kwenye "yeyote". Akasema sawa mama. Ikapanda kwenye ukurasa wake mchana huohuo.

Nimejipongeza kwa samaki mzima na pilipili ya kutosha.

Jumatano, 11 Juni

Imechekwa.

Nimeketi nasoma maoni badala ya kufanya kazi. "Hii kaandika wakili, dogo hata neno kukwazika hajui." Mwingine: "Tukio lilijitokeza? Lilijitokeza likitokea wapi, Kibaha?" Kuna aliyemvisha Elibariki joho na tai. Watangazaji wa redio wameisoma kwa sauti ya jaji, wakapiga na kinanda.

Nikashuka kwa dada Manka kutafuta faraja. Dada yangu anauza chupa za chai na sufuria kwa jumla, duka liko chini ya ofisi yangu, na faraja haipo kwenye bidhaa zake. "Mdogo wangu," akasema, "muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe umemsimamisha wima na tai shingoni."

Nikamwambia auze sufuria zake. Akanimiminia chai. Tumekunywa tumenuniana, kisha akapita mteja wa ajabu akataka punguzo la chupa moja, tukacheka wote.

Kejeli nazivumilia. Kinachoniudhi ni kwamba ile taarifa kisheria haina kasoro hata moja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewakumbuka wengine niliowaandikia. Bondia aliyemtukana mwamuzi. Mkimbiaji aliyetoroka kambini. Wote, ukiwasikiliza, wanaongea kwa sauti moja. Yangu. Mama wa miaka hamsini na saba kutoka Machame.

Ina maana hawakujuta? Hapana. Yule bondia alilia kwenye kiti kilekile cha wateja, kamasi na machozi, akanimalizia boksi la tishu. Alijuta kweli. Ila nilipomaliza kuandika hapakuwa na chozi hata moja lililobaki kwenye karatasi. Niliyakausha yote, na nikalipwa.

Sipendi mawazo ya namna hii siku ya kazi.

Ijumaa, 13 Juni

Mama Elibariki ameingia na basi la Moshi. Hakuja kuniomba ushauri. Amepita kunisalimia akiwa njiani, na mkononi ana majani ya isale yamefungwa kwenye kanga, mabichi, yametoka shambani kwake.

Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, mwenyewe au kwa mkono wa mkubwa wako. Akilipokea, yamekwisha. Na kulikataa ni jambo zito mno. Babu yangu alikuwa na jirani asiyesemeshana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba, jani lilipokuja akalipokea huku anatetemeka kwa hasira. Lakini alilipokea.

Nikaanza kumweleza mama habari ya ushahidi na madai. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Hiyo sheria yako imemrudisha Dokta?"

Haijamrudisha. Nikamwacha aende kwa Dokta kesho. Jani si maneno. Hakuna hakimu atakayelisoma mahakamani.

Jumamosi, 14 Juni

Yamekwisha!

Mama Elibariki amerudi kutoka Kisutu, anakoishi Dokta, anang'aa. Dokta alimpokea vizuri, mkono mmoja umefungwa bandeji, akalitwaa jani kwa ule mzima na kusema asante sana. Mkewe, Nalini, akawaletea chai ya maziwa na vitafunwa vya dengu. Hawakuongea mengi. Mama anasema hapakuwa na haja, jani lilikuwa limeshaongea.

Jioni tumekula kwa Manka. Ndizi nyama, sufuria kubwa. Elibariki amekula kama mtu aliyetoka kifungoni. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu lile balaa. Mama yake anaondoka alfajiri, ana ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Nimefurahi. Nimeona wivu kidogo pia. Jani moja limefanya ambalo aya zangu tatu zimeshindwa.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka ibadani, simu ikaita. Nalini, mke wa Dokta. Namba yangu kapewa na Mama Elibariki. Sauti nzuri, Kiswahili cha mjini hasa. Samahani kwa usumbufu, anasema, lile jani aliloletewa Dokta, je, linakaa majini tu au lipandwe? Kaliweka kwenye jagi, mezani, linapendeza. Wageni wanauliza linauzwa wapi.

Nimecheka hadi nikaketi ukutani mwa kanisa. Halafu nikaacha kucheka.

Dokta hakujua alichopokea. Amezaliwa hapahapa Dar, wazee wake wametoka Gujarat, nani angemwambia habari za isale? Kaletewa jani na mama wa heshima, kashukuru, kalipeleka majini. Yule mama amerudi Machame na amani yake, kijana anajua kasamehewa, na aliyekosewa anajua ameletewa pambo.

Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza analijua hili. Aliyekubali bila kujua anachokubali hajakubali kitu.

Ningeweza kunyamaza. Alhamisi nisimame mbele ya kamati niseme Dokta alipokea jani la msamaha nyumbani kwake mwenyewe. Si uongo. Kamati ina Wachaga wawili, wangeshusha pumzi. Nimeigeuzageuza hiyo hoja mchana kutwa na inasimama vizuri sana. Ndiyo maana siitaki.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda Kisutu kwa miguu, nikikatiza Mnazi Mmoja. Nilitaka nifike nimechoka, nisiwe na nguvu ya kutetea.

Nimemweleza Dokta kila kitu. Maana ya jani, na maana ya kulipokea. Nikamwambia kwamba kwa kuwa hakujua, hadaiwi chochote, na akitaka nitalichukua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaenda kwenye jagi, akalitoa jani, akalifuta maji kwa taulo taratibu, kama anafuta mguu wa mgonjwa. Akanirudishia.

"Wewe umeleta maneno," akasema. "Mama yake ameleta jani. Mmenisukuma nyinyi?"

Akaniambia habari ya lile goti. Elibariki alipolivunja, miaka ya nyuma, ni Dokta aliyekaa naye kila asubuhi, hatua moja moja, akimshika kiuno kama anayefundisha mtoto kutembea. Tangu asukumwe pale uwanjani, simu yake Dokta anaiweka mapajani. Inaita sana. Wanapiga waandishi, ndugu, mpaka mtu wa bima.

Nikamwambia kijana alitaka kupiga tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemkataza.

"Najua," akasema. "Ndiyo kazi yako."

Alisema bila hasira yoyote. Nimeona aibu. Heri angenifokea.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwita Elibariki ofisini. Nikamwambia ukweli wa jani. Uso ulimshuka. Nikamwambia pia marufuku yangu imekwisha, aende mwenyewe akitaka, na kwamba kama wakili wake lazima nimwonye: atakachosema kinaweza kumrudia, na kamati ni keshokutwa, Dokta akikataa tena hatuna kitu mkononi.

Akaniuliza aseme nini.

Nilikuwa nayo sentensi. Ilikuja yenyewe, imenyooka, ina unyenyekevu wa kiasi. Nikaimeza. Nikamwambia sijui. Sijawahi kumwambia mteja sijui.

Akachukua jani akashuka. Nikasimama dirishani.

Nilidhani atalificha kwenye begi. Alilishika mkononi, mbele ya kifua, akaingia nalo mtaani. Kariakoo saa za kazi. Wabeba mizigo wakamtambua wakaanza kumtania, mmoja akajitupa chini chali, watu wakaangua kicheko. Ndipo Wachaga wa maduka ya vifaa vya ujenzi walipoliona lile jani. Soga zikakatika. Mzee wa duka la misumari akatoka barazani, akavua kofia. Akamwambia neno yule aliyejitupa chini, naye akainuka, akasogeza mkokoteni wake pembeni. Kutoka hapo wakampisha, duka kwa duka, wanaojua wakiwanong'oneza wasiojua, mpaka akakata kona nisimwone tena.

Manka ameniambia yeye alilia. Mimi nilikuwa na vumbi la mafaili machoni.

Jumatano, 18 Juni

Hakuna habari. Simu ya Elibariki imezimwa. Sikumpigia Dokta, ningempigia kumwambia nini?

Nimegombana na mashine ya kuchapa, na mpangaji wa jirani, na dada yangu mara mbili. Wali umeungua. Kesho kamati. Naogopa, basi.

Alhamisi, 19 Juni

Nilifika mapema. Elibariki alikuwa ameshafika, kanyoa, shati jeupe. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nilienda, mama." Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Kisha Dokta akaingia na bandeji yake. Viti vilikuwa vingi. Akaja kuketi pembeni ya Elibariki, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwinamia kumuuliza goti linaendeleaje asubuhi.

Nilijua hapohapo. Nikakunja hoja zangu nikazirudisha kwenye begi.

Dokta aliiambia kamati kwamba anarudi kazini Jumatatu. Basi. Kijana kafungiwa mechi chache na atakatwa mshahara, halali yake. Mkataba unabaki. Mwenyekiti akauliza kama tuna taarifa mpya kwa umma. Nikasema mteja wangu hana la kuongeza. Nimesema hivyo mara nyingi maishani, leo nimefurahia kusema.

Kwenye ngazi nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza Dokta kijana alimwambia nini.

"Hayo ni ya daktari na mgonjwa wake," akasema. "Wewe wakili, hilo unalielewa."

Nimelielewa. Nimecheka peke yangu mpaka Kariakoo.

Jumapili, 22 Juni

Mvua nyepesi asubuhi, jua baadaye. Ibada ndefu. Elibariki alipita kwa Manka baada ya kanisa, tukala wote. Kesho wanaanza mazoezi ya goti na Dokta, peke yao, kabla timu haijaja.

Wakati Manka anapakua, kijana akatoa simu. Watu wanamuuliza mtandaoni mbona kimya, wengine wanasema ana kiburi. Akataka kujua kama ninaweza kumwandikia kitu kifupi, watu wajue kwamba yamekwisha.

Nikamuuliza kama Dokta anajua kwamba yamekwisha.

Akasema anajua.

Nikamsogezea sahani.