Matokeo Aliyoyasoma Mwanao

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Wajukuu zako nao wanakuamkia. Natumaini magoti yamekupa nafuu, na kwamba yule jirani yako bado anakuja kusikiliza taarifa ya habari kisha anaongea mwanzo hadi mwisho. Huku tunapumua. Mdogo ana kikohozi lakini anacheza. Miili haijambo, Mama. Mioyo ndiyo haina hali.

Barua hii nimempa mdogo wako, fundi bomba, akukabidhi mkononi, maana simu yangu siiamini tena. Mkaribishe chai, kisha ukae peke yako uisome.

Unaikumbuka siku ile ya kuhesabu kura za ubunge. Mwanao, mume wangu, alishinda kutwa studio ya redio, wenzake wakimpigia kutoka kila jimbo na kumsomea karatasi za matokeo zilizobandikwa kwenye milango ya vituo. Aliyasoma hewani jimbo baada ya jimbo, kwa sauti ile ambayo muuza nyama wetu humwomba aagizie maini. Jioni ikawa wazi kwamba chama tawala kimeangushwa karibu mkoa mzima. Ulinipigia ukicheka, ukasema hata ya kwenu ameyasoma sawasawa, kwa kuwa karatasi uliiona mwenyewe mlangoni mwa shule.

Tume ilipotangaza matokeo ya mkoa, yakawa kinyume. Walioanguka ndio walioshinda. Mkuu wa kituo cha redio akamtaka mwanao arudi hewani aseme alikosea. Akamjibu kwamba kukosea jimbo moja kunawezekana, ila kukosea mkoa mzima kunahitaji kipaji ambacho yeye hana. Alinisimulia hayo huku anavua viatu, tukacheka sana. Hatukujua.

Mama, nilikwambia amesafiri kikazi. Hakusafiri. Walimchukua mchana kweupe akiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Kinyozi anasema walikuwa wapole, wakamngoja hata ajifute povu. Alikuja kwangu mbio na shati la mwanao mkononi, akaninyooshea lile shati.

Nimekwenda polisi, wakasema hawamjui, nao kila asubuhi walikuwa wakimsikiliza. Nimekwenda hospitali. Nimeingia hadi chumba cha maiti, nikatazama nyuso za waume wa wenzangu, na kila nilipoona si yeye nilifurahi, kisha nikajionea haya. Redioni wamesema aliacha kazi kwa hiari yake. Wakili alipokea kesi asubuhi, mchana akairudisha. Usiku naweka redio karibu na mto, siwashi.

Juzi alikuja mgeni, mtu wa shati lililopigwa pasi vizuri. Alikaa kwenye kiti cha mwanao, akawasifu watoto. Akasema mume wangu ni mzima ila ni mkaidi, na kwamba kama yeye hataki kusema, mke anaweza kumsemea. Nisome redioni kwamba alikuwa amelewa siku ile, na matokeo yote aliyatunga. Nikisoma, atarudi nyumbani. Nikamwambia siamini kama yu hai. Akapiga simu, akanipa nizungumze.

Alikuwa yeye, Mama. Sauti inakwaruza kama ya mzee. Aliulizia kikohozi cha mtoto. Kisha akasema haraka, "Usiwasomee. Unanisikia? Usiwasomee." Simu ikakatwa.

Nimekubali kusoma.

Mwanao amenikataza, nami nimekubali. Ijumaa, baada ya taarifa ya mchana, utanisikia nikimwita mwanao mlevi na mwongo. Jirani yako atakuwapo, na safari hii atanyamaza. Usinitetee, wala usiitaje ile karatasi ya mlangoni. Sitaki wakufuate na wewe. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujanisikia, uwe umejua.

Huenda wakanidanganya. Hilo nimelifikiria hadi kichwa kikauma, na sina njia nyingine. Huenda akarudi akakataa hata kunitazama. Basi na asinitazame. Akae chumba cha pili, asinisemeshe mpaka tuzeeke, mradi nimsikie anakohoa huko.

Wasalimie wote, na jirani msalimie kama kawaida asishtuke. Magoti yako yakande kwa maji ya moto. Niombee, Mama, hata kama umenikasirikia.

Mimi mkaza mwanao,
mama wa wajukuu zako