Kikao cha Dharura Kuhusu Msasa Kufungiwa Stoo ya Mbao

UMOJA WA MAFUNDI SEREMALA
Jumamosi, tarehe 9 Novemba, saa nane mchana, ndani ya karakana

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi makabati), Katibu (fundi milango), Babu Randa, Mama Makochi na wajumbe wengine wanne.
Waalikwa: Muuguzi wa zahanati ya jirani na dada wa Msasa.
Asiyehudhuria: Msasa, mpiga vanishi. Amelazwa.

KUMB. NA. 1/DH: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba wajumbe waongee kwa utulivu. Dada wa Msasa alisema utulivu wake ameuacha wodini.

KUMB. NA. 2/DH: TUKIO
Mwenyekiti alieleza kwamba Msasa amekuwa akinywa kutwa nzima kwa miaka. Jumatatu alikuja kazini amelewa, hivyo "alipumzishwa" stoo ili pombe imtoke, kama mbao mbichi inavyowekwa ndani mpaka ikauke. Alipewa ndoo ya maji tu anywe, asafishe mwili; chakula hakupewa.

Mama Makochi alitaka iandikwe "alifungiwa", kwa kuwa kufuli lilikuwa nje. Mwenyekiti alisema hayo ni maneno tu. Dada wa Msasa alijibu: "Kaka, anayepumzishwa hutoka kwenda kukojoa." Ilipigwa kura ya mikono, na neno "alifungiwa" likapita. Mwenyekiti hakunyoosha mkono.

Ilielezwa kwamba siku ya Jumanne Msasa alitetemeka, akalowa jasho, akapiga kelele kuwa panya wanatoka kwenye mbao. Babu Randa alisema alimjibu kupitia mlangoni, "Wahesabu basi," akaendelea na kazi. Jumatano asubuhi Msasa alikutwa sakafuni akiwa na degedege, kioo cha dirisha kimevunjika.

KUMB. NA. 3/DH: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alieleza kwamba pombe hupooza ubongo, na ubongo wa anayekunywa sana kila siku hujizoesha kwa kujichochea zaidi ili mambo yaende. Pombe ikikatwa ghafla, uchochezi ule hubaki bila breki. Ndipo huja kutetemeka, kuona visivyokuwepo, degedege, hata kifo.

Aliongeza kwamba mnywaji hupoteza magnesiamu na potasiamu kwa mkojo na kutapika, na kwa kuwa hali chakula, hazirudi. Moyo na misuli hutegemea madini hayo. Ndoo ya maji matupu nayo ilizidi kuzimua chumvi ya damu, iliyokuwa imeshapungua.

Mwenyekiti aliuliza kama basi Msasa angeachwa aendelee kulewa. Muuguzi alijibu: "Angeletwa kwangu. Zahanati iko hapo ng'ambo ya barabara, mwenyekiti. Randa yenu naisikia nikiwa nachoma sindano."

KUMB. NA. 4/DH: HOJA YA KUMWONDOA MSASA
Mwenyekiti alitoa hoja kwamba Msasa aondolewe kwenye umoja kwa ulevi na kuvunja dirisha. Vurugu ilitokea. Dada wa Msasa alitaka maneno yake yaandikwe yalivyo: "Mmemfungia kama mbao, sasa mnataka kumzoa kama maranda!" Mwenyekiti alisema alimtendea kama mdogo wake. Mama Makochi alimuuliza kama mdogo wake naye huwa anamnyima chakula.

Wakati mjadala ukiendelea, Babu Randa alichukua bisibisi akaenda kung'oa komeo la stoo. Katibu alisubiri arudi ndipo kura ikapigwa. Hoja ilikataliwa. Iliamuliwa kwamba Msasa akipona arudi, ila kwenye kupiga msasa, mbali na spiriti ya vanishi. Na mjumbe yeyote anayetaka kuacha pombe apelekwe zahanati kwanza.

KUMB. NA. 5/DH: KUFUNGA
Mwenyekiti aliuliza kama neno "alifungiwa" ni lazima libaki. Alijibiwa kwamba limeshapigiwa kura. Dada wa Msasa aliomba nakala ya kumbukumbu hizi akamsomee kaka yake, kwa sababu akili ikimrudia kidogo huuliza swali moja tu: nani alifunga mlango.

Kikao kilimalizika saa kumi na moja jioni.

Katibu: (sahihi)
Mwenyekiti: (sahihi)