Mama Alipoingia kwa Durga

Klaten, Jumapili

Kwa kaka yangu Prasojo,

Pokea salamu huko Balikpapan. Sisi wazima, ila mvua imeharibu pilipili zote.

Jumanne nilimpeleka Mama Prambanan. Aling'ang'ania tuingie na watalii, amevaa batiki yake nzuri. Ngazi za hekalu alizipanda kama msichana, moja kwa moja hadi chumba chenye sanamu ya mungu wa kike Durga. Mimi nilibaki mlangoni nikihema.

Nikamsikia akisema, "Umekonda, Ratri. Umekula?"

Nikadhani ni uzee. Tangu nyumba imwangukie mdogo wetu siku ya tetemeko, Mama hakuwahi kulitaja jina lile. Kisha sauti ikamjibu, "Bado, Mama. Namsubiri Kaka."

Mtalii mmoja alikuwa anatoka mle. Akaniambia, "Dada, yule binti aliye na bibi asikae sakafuni, pana baridi."

Niliingia. Mama alikuwa peke yake mbele ya sanamu, anatandaza mtandio wake sakafuni kama anayemfunika mtu.

Njiani akaniambia, "Asubuhi ile ya tetemeko Prasojo alimwambia Ratri akae ndani amsubiri. Hamlaumu. Anataka tu kaka yake aje amwambie asisubiri tena."

Kaka, sikuwahi kukuuliza habari za asubuhi ile, na leo sikuulizi. Mama sasa analala vizuri. Mimi ndiye nisiyelala. Jana nilirudi mwenyewe kumwambia Ratri aende zake. Alisema, "Wewe siye."

Njoo.

Mdogo wako,
Lestari