Uzi Unapokunjwa

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu kutoka mgodini Walikale. Nimesikia mdogo wako hapo Goma amepona malaria, nimeshukuru.

Uliniandikia kwamba uzi wa kromosomu hukunjwa ndani ya seli, sehemu zilizo mbali zikagusana, na jeni ikaamka. Ukauliza kama nimeelewa.

Nyanya yako na mimi tulikaa miisho miwili ya barabara ya Kibati, bila kujuana. Volkano ikatusukuma sote katika uwanja mmoja wa shule.

“Weye, toa mguu kwenye mukeka wangu,” akaniambia. “Ama unataka kuuoa?”

Nilikuwa kijana asiyesema. Siku hiyo nilianza kusema.

Tangu tumzike, nimenyamaza tena. Niambie, uzi ukikunjuka, jeni hulala tu, au husahau kabisa?

Babu yako